Wembe wa Kaboni na Wembe wa Stenlesi: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzijaribu na Kuzitunza Nyembe za Makali Mawili

Wembe wa makali mawili, ule mwembamba unaofungwa ndani ya mashine ya kunyolea, una unene wa takriban milimita 0.1 tu, na mtu anayeutoa kwenye karatasi yake ni nadra kujiuliza umetengenezwa kwa chuma gani. Hata hivyo nyembe hizi zimegawanyika katika aina mbili zenye tabia tofauti kabisa: zile za feleji ya kaboni, na zile za feleji isiyoshika kutu, ambayo wengi huiita stenlesi. Swali linaloulizwa mara nyingi ni aina ipi iliyo kali zaidi. Naamini swali hilo humpotosha anayetaka kuchagua, kwa sababu zikiwa mpya aina zote mbili zinaweza kunyoa vizuri sana. Tofauti kubwa hutokea baada ya kunyoa, katika saa nyingi ambazo wembe hukaa na unyevu ukisubiri kutumika tena. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata jambo hilo: kwanza chuma chenyewe, kisha namna ya kuutambua wembe ulio nao, kuujaribu kwa haki, kuukausha, na kujua siku ya kuuacha.

Chuma kilichomo ndani ya wembe

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Feleji ya kaboni inayotumika kwa nyembe huwa na kaboni ya takriban asilimia 1.2, pamoja na viungo vingine vichache visivyo na uzito mkubwa katika hesabu. Huchomwa hadi joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi, hupozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili isivunjike kama kioo. Chembe zake ngumu ni ndogo sana, na kwa hiyo hukubali kunolewa hadi makali membamba bila shida. Udhaifu wake ni mmoja: haina kinga yoyote dhidi ya maji na hewa.

Feleji ya stenlesi inayotengenezewa nyembe ina kaboni pungufu, takriban asilimia 0.65, lakini imeongezwa kromiamu ya karibu asilimia 13. Kromiamu hiyo hukutana na oksijeni ya hewani na kutandaza juu ya chuma utando wa oksidi mwembamba mno, usioonekana kwa macho, ambao hujiunda upya kila unapokwaruzwa. Utando huo ndio unaozuia kutu. Gharama yake ni kwamba kromiamu hupenda kuungana na kaboni na kufanya chembe ngumu zilizo kubwa zaidi, na chembe kubwa iliyokaa mahali pa kunoa huweza kung’oka na kuacha pengo kwenye makali. Viwanda vya feleji vilichukua muda mrefu kujifunza kuzifanya chembe hizo ziwe ndogo. Hata kuichoma kwake ni kazi nzito zaidi: huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,000, na baada ya kupozwa hupelekwa kwenye baridi kali chini ya sifuri ili ugumu ukamilike.

Historia ya nyembe hizi ilifuata ugumu huo. King Camp Gillette alipoanza kuuza mashine yake nchini Marekani mwaka 1903, mwaka ambao ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu, wembe wake ulikuwa wa feleji ya kaboni, na ulibaki hivyo kwa zaidi ya nusu karne, ingawa Harry Brearley alikuwa amekwisha kutengeneza feleji yake isiyoshika kutu mjini Sheffield mwaka 1913. Katika miaka hiyo watu walizoea kuurefusha uhai wa wembe kwa kuusugua ndani ya bilauri ya kioo, upande huu na upande ule, ili kuyanyoosha makali. Mwaka 1962 kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza ilileta sokoni wembe wa stenlesi uliopakwa utando wa utelezi, na mwaka uliofuata Gillette ikalazimika kutoa wa kwake. Tangu hapo wembe wa kaboni umekuwa bidhaa ya wachache, ingawa kampuni ya Treet ya Pakistani ni mojawapo ya zilizoendelea kuutengeneza.

Jambo la utando linastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini nyembe hizi mbili hazihisiwi sawa usoni. Wembe wa stenlesi wa leo kwa kawaida hupakwa tabaka jembamba la metali ngumu, kama vile kromiamu au mchanganyiko wa kromiamu na platinamu, kisha juu yake hupakwa plastiki ya utelezi ya jamii ya tefloni. Plastiki hiyo hushikamana na chuma kwa kupashwa joto linalozidi nyuzi 300. Feleji ya stenlesi hulistahimili joto hilo bila kupoteza ugumu mwingi, lakini feleji ya kaboni hulegea. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba wembe wa stenlesi “unateleza” na wa kaboni “unakamata”, mara nyingi anachokihisi ni utando, wala si ukali wa chuma. Nimeona watu wakiuhukumu wembe wa kaboni kuwa butu, ilhali ulikuwa ukikata nywele vizuri, ila haukuwa na utelezi waliouzoea.

Hatua ya kwanza: tambua wembe ulio nao

Soma kasha kabla ya kitu kingine. Neno “Stainless” humaanisha feleji isiyoshika kutu, na neno “Carbon” humaanisha feleji ya kaboni. Neno “Platinum” huwachanganya wengi, kwani halitaji chuma cha wembe bali utando wake: wembe unaoitwa wa platinamu ni wa stenlesi uliopakwa mchanganyiko wenye platinamu. Kasha lisilosema lolote lisidhaniwe kuwa la aina yoyote mpaka lijaribiwe.

Usitumie sumaku. Wengi huamini kwamba stenlesi haivutwi na sumaku, na imani hiyo ni kweli kwa masufuria na masinki mengi, ambayo hutengenezwa kwa feleji yenye nikeli. Wembe hauwezi kutengenezwa kwa feleji hiyo, kwa kuwa haigeuki kuwa ngumu kwa kuchomwa na kupozwa. Feleji ya wembe wa stenlesi huvutwa na sumaku sawasawa na ile ya kaboni. Rangi pia haitoshi: baadhi ya nyembe za kaboni huwa nyeusi au za buluu, lakini rangi ni jambo la kiwandani, na wembe unaong’aa unaweza kuwa wa aina yoyote. Mafuta au nta kwenye karatasi ya ndani navyo si ushahidi, maana hutumika kwa aina zote mbili.

Kipimo kinachoaminika ni maji ya chumvi. Koroga kijiko cha chai cha chumvi katika nusu kikombe cha maji. Chukua wembe mmoja ambao uko tayari kuupoteza, ufute kwa kitambaa kilicholowa spiriti kwenye sehemu ya katikati, mbali na makali, ili mafuta yatoke, kisha udondoshee matone mawili na uuache juu ya kisahani usiku kucha. Ukiwa wa kaboni, asubuhi utakuta doa la rangi ya kutu pale maji yalipokaa, na huenda ukaliona hata kabla ya kulala. Ukiwa wa stenlesi, utakuta chembe za chumvi kavu na pengine alama hafifu tu. Baada ya jaribio hilo usinyolee wembe huo.

Hatua ya pili: panga jaribio la haki

Makosa mengi katika kulinganisha nyembe hutokana na kubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtu hununua wembe mpya, sabuni mpya na mashine mpya katika juma moja, kisha husema wembe ndio uliomchubua. Ili upate jibu la kuaminika, tumia mashine ileile, sabuni ileile na brashi ileile, na uache idadi ileile ya saa kati ya kunyoa kumoja na kwingine, kwa kuwa ndevu za saa 24 hazifanani na ndevu za saa 72.

Andaa angalau nyembe tatu za kila aina. Ndani ya kasha moja nyembe hutofautiana kidogo, na wembe mmoja mbaya hauwezi kuwa shahidi dhidi ya aina nzima. Anza na stenlesi, kwani ndiyo pengine uliyoizoea, kisha uingie kwenye kaboni. Baada ya kila kunyoa andika mistari miwili mitatu: je, wembe ulivuta nywele au ulizikata bila kuhisiwa? Je, ngozi iliwaka ulipoisuuza kwa maji baridi? Je, palibaki sehemu ya kurudia chini ya taya? Kumbukumbu ya kichwani haifai hapa, maana baada ya siku nne mtu hukumbuka alichotarajia kuliko alichokihisi.

Hatua ya tatu: nyoa kwa namna inayofaa kila wembe

Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika 2 hadi 3 kabla ya kupaka sabuni. Unywele uliolowa hulegea na kuhitaji nguvu ndogo zaidi kukatwa, na faida hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya aina hizi mbili za chuma. Paka povu zito, lenye maji ya kutosha, kisha nyoa kwa mikato mifupi ukifuata mwelekeo wa nywele, ukiuacha uzito wa mashine ufanye kazi.

Ukitumia wembe wa kaboni usio na utando wa utelezi, ongeza maji kidogo kwenye povu na usipite mara mbili mahali ambapo povu limekwisha kuondoka. Utelezi ambao stenlesi huja nao kutoka kiwandani itabidi utoke kwenye sabuni yako. Mtu anayeizingatia kanuni hii moja huona wembe wa kaboni ukibadilika mara moja mkononi mwake. Nasisitiza pia usikandamize. Anayehisi wembe ukivuta hujaribiwa kuongeza nguvu, na hapo ndipo ngozi huchubuka na vipele hutokea siku inayofuata.

Katika kunyoa kwa mara ya kwanza, usishangae ukiona wembe wa kaboni unakwenda sambamba na stenlesi nzuri. Katika kunyoa kwa mara ya pili ndipo utunzaji wako wa siku iliyotangulia utakapojibu.

Hatua ya nne: kausha wembe, na hasa wa kaboni

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu wote. Makali ya wembe huishia kwenye ncha nyembamba kiasi kwamba haiwezi kuonekana hata kwa kioo cha kukuzia cha kawaida. Kutu inayokula sehemu ndogo mno ya chuma, ambayo kwenye uti wa wembe isingekuwa na madhara yoyote, huweza kuiharibu ncha hiyo kabisa. Kwa sababu hiyo wembe wa kaboni unaweza kuonekana safi machoni lakini ukakwaruza usoni: kutu imekwisha kufanya kazi yake mahali usipopaona.

Maji yanayodhuru zaidi ni yale yaliyonaswa kati ya wembe na vipande vya mashine vinavyoushika. Hapo hewa haipiti vizuri, unyevu hukaa kwa saa nyingi, na mabaki ya sabuni huuhifadhi. Kuitikisa mashine na kuisimamisha pembeni hakutoshi. Fuata utaratibu huu kila unapomaliza kunyoa.

Legeza mashine na usuuze wembe chini ya maji ya bomba. Utoe wembe kwa kuushika kwenye ncha zake fupi, zile mbili zisizo na makali, na usuuze pande zote mbili ili sabuni na nywele ziondoke. Maliza kwa maji ya moto, kwa kuwa chuma kilichopashwa joto hujikausha chenyewe haraka. Kisha utumbukize wembe ndani ya kikombe kidogo cha spiriti kwa sekunde chache, uutoe na uache spiriti iondoke hewani. Spiriti huyachukua maji yaliyobaki, pamoja na yale yenye chokaa ambayo yangeacha madoa. Kwa kuwa hushika moto upesi, kazi hii ifanywe mbali na jiko, mshumaa au sigara, na kikombe kifunikwe mara tu unapomaliza.

Usiufute wembe kwa taulo. Nyuzi za kitambaa zinazopita juu ya makali huyapinda na hukwaruza utando, na vidole navyo huwa hatarini. Ikiwa huna spiriti, uweke wembe kati ya mikunjo miwili ya karatasi laini na ugandamize polepole bila kuburuta.

Ukijua kwamba hutanyoa tena kwa siku kadhaa, upake wembe wa kaboni tone la mafuta mepesi ya madini, yale ya kupaka ngozi ambayo hayagandi, na uuweke mahali pakavu nje ya bafu. Mvuke wa bafuni hutosha kuanzisha kutu hata kwenye wembe ambao haujaguswa na maji, na hilo linahusu pia makasha ambayo hayajafunguliwa. Kabla ya kunyoa, suuza mafuta hayo kwa maji ya moto.

Wembe wa stenlesi hauhitaji nidhamu hii yote. Kusuuza vizuri na kuitikisa mashine kunautosha kwa kawaida. Hata hivyo jina lake lisikudanganye. Utando wa oksidi huvunjwa na chumvi na klorini, na dawa ya kung’arishia nguo yenye klorini huiharibu hata stenlesi. Mtu anayetaka kuua vijidudu atumie spiriti badala ya dawa hiyo. Aliyeacha wembe wake kwenye maji ya bahari au mfuko wenye jasho naye asishangae akikuta vidoa.

Ukitaka kujionea thamani ya kukausha, chukua nyembe mbili za kaboni za kasha moja. Mmoja ukaushe kwa spiriti kila siku, mwingine uuache umefungwa ndani ya mashine na unyevu wake. Kunyoa kwa mara ya pili kwa kila mmoja kutakupa jibu la wazi kuliko maelezo yangu.

Hatua ya tano: jua wembe umechoka kwa sababu gani

Wembe wa kaboni uliotunzwa vizuri kwa kawaida hutoa kunyoa kwa mara 1 hadi 3, na wa stenlesi mara 3 hadi 7, kutegemea ugumu wa ndevu na wepesi wa mkono. Muhimu zaidi ya hesabu hiyo ni kutambua dalili, kwa sababu aina hizi hufa kwa njia tofauti.

Wembe wa kaboni huharibiwa zaidi na maji. Dalili zake huja ghafla: jana ulinyoa vizuri, leo unakwaruza tangu mkato wa kwanza. Uangalie kwenye mwanga, ukiugeuza polepole, utafute vitone vya kahawia kando ya makali. Ukiona hata kimoja, uache. Kutu yenyewe haileti pepopunda, ambayo husababishwa na bakteria wa udongoni na wa mavumbini, lakini makali yenye kutu huichana ngozi, na ngozi iliyochanika ni mlango wa maambukizi.

Wembe wa stenlesi huharibiwa zaidi na nywele zenyewe, jambo linaloshangaza kwa kuwa unywele ni laini kuliko feleji kwa takriban mara 50. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya MIT ya Marekani waliutazama wembe wa stenlesi kwa hadubini ya elektroni ukikata nywele, wakaona kwamba makali hayapungui taratibu tu kwa kusuguliwa bali hubanduka vipande vidogo. Hilo hutokea pale ambapo unywele unapinda na kuyakuta makali kwa pembe, mahali ambapo muundo wa chuma haulingani, upande mmoja ukiwa laini na wa pili ukiwa mgumu. Usoni, mabanduko hayo huhisiwa kama kuvutwa kunakoongezeka siku hadi siku, kwanza kidevuni na juu ya mdomo, ambako nywele ni ngumu. Pia utando wa utelezi huwa umepungua. Kulowesha ndevu vizuri huupunguza mpindo huo na kuyahifadhi makali, na ndiyo sababu naiweka hatua ya maji ya uvuguvugu mbele ya sifa zozote za chapa.

Kuchagua

Anayenyoa mara chache kwa juma, anayesafiri, au anayejua kwamba asubuhi zake zina haraka, achukue stenlesi bila kusita. Ndivyo ninavyomshauri pia anayeanza kutumia mashine ya makali mawili, kwa sababu anayejifunza pembe na uzito wa mkono hapaswi kubeba pia mzigo wa kupambana na kutu.

Wembe wa kaboni unamfaa mtu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayetumia wembe mara moja na kuutupa, kama kinyozi anayefungua wembe mpya kwa kila mteja. Kwake kutu haina nafasi ya kuingia. Wa pili ni yule anayependa utaratibu, ambaye dakika mbili za kukausha hazimsumbui, na ambaye anaipenda hisia ya makali yasiyo na utando, inayomwambia wazi pembe yake iko sawa au haiko sawa. Mimi huirudia kaboni kwa sababu hiyo ya pili: hunikumbusha kulegeza mkono ninapoanza kukandamiza, jambo ambalo wembe wenye utelezi mwingi hunificha mpaka ngozi iwake.

Yeyote atakayechagua, wembe asishirikiane na mtu mwingine, hata wa nyumba moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU huweza kupita kwa damu iliyobaki kwenye makali, hata kama ni kidogo kiasi cha kutoonekana, na kusuuza kwa maji hakutoi ulinzi.

Kuutupa

Wembe uliochoka bado una makali ya kumkata anayebeba takataka. Tafuta kopo la chuma lenye mfuniko usiofunguka kwa urahisi, utoboe ufa mwembamba juu yake, na uziingize humo nyembe zote za aina zote mbili. Za kaboni zitaendelea kuoza kwa kutu ndani ya kopo, lakini zisihesabiwe kuwa salama kwa sababu hiyo. Kopo likijaa, uzibe ufa kwa kuupigapiga kwa nyundo au kwa utepe mgumu wa kunata, uandike juu yake kwamba ndani mna nyembe, na ulipeleke panapopokelewa vyuma chakavu kama wapokeaji wanakubali kopo lililofungwa.